Siku Yangu na Sindano, Nje ya Shamba la Bibi

Saa 11 alfajiri

Siku ya Simba na Yanga huwa siamshwi na simu. Naamshwa na vuvuzela. Hapa Tandika, Dar es Salaam, kuna jirani, simtaji, anayeipuliza kabla hata muadhini hajamaliza.

Mimi ni fundi viatu. Kabla ya chai nakagua sanduku: sindano mbili, uzi wa nailoni niliopaka nta jana usiku, gundi, msasa, vipande vya mpira wa tairi, na kile chuma cha kugongea soli nilichorithi kwa mzee wangu. Uzi lazima upakwe nta mapema, kwa sababu mteja wa siku ya mechi anakusubiri akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Huwezi kumwambia arudi kesho.

Saa 12:30 asubuhi

Natembea hadi kijiweni kwangu, chini ya mwarobaini, upande wa Chang'ombe. Nikikaa kwenye kigoda naviona viwanja vyote viwili. Mkubwa ni ule wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Ubavuni pake kuna mfupi, mkongwe, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru. Sisi tuliozaliwa zamani tulijua huyo mkongwe ndiye Taifa. Mkubwa alipokuja alimnyang'anya jina, kisha naye akapewa jingine. Jina la utani la mkongwe, Shamba la Bibi, halijanyang'anywa na mtu. Ukitaka kujua lilitoka wapi, waulize wazee watatu, utapata majibu manne.

Saa 2 asubuhi

Mteja wa kwanza ni dogo wa miaka kumi na mbili hivi, kashika njumu za kaka yake zimefungua midomo kama kambale.

"Shikamoo babu."

Babu! Nina miaka hamsini na tatu. Nikaitikia marahaba, tutafanyaje.

Kesho wana mechi ya mchangani saa 3 asubuhi. Nikazitazama: mtu kashazibandika kwa supagluu, ikakauka ikawa kama kioo, ikapasuka na kuondoka na ngozi. Kazi kama hiyo huanza upya. Unakwangua gundi ya zamani yote, unapiga msasa pande mbili mpaka zikwaruze kidole, unapaka gundi, halafu unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Gundi iache mpaka ukiigusa haikushiki, ndipo ubane na kugonga. Baada ya hapo nashona kuzunguka ncha yote, tundu kwa tundu, kwa sababu mpira unapigwa na ncha hiyo.

Nikamwambia azifuate usiku.

Saa 4

Wazee wangu wawili wamefika kwenye benchi. Hawana tiketi wala hawaitaki, mmoja Yanga na mwingine Simba. Wanakuja kugombana tu.

Wa Yanga anaanza na mwaka 1968, Yanga 5, Sunderland 0. Sunderland ndiyo hii Simba, kwa msomaji aliyezaliwa juzi. Wa Simba anamsubiri amalize, anajifuta jasho, anasema neno moja: "Sabini na saba." Maana yake Simba 6, Yanga 0, mshambuliaji Kibadeni akiwa na mabao matatu peke yake. Kisha, kwa sababu hana huruma, anaongeza 1979: Simba wamefungwa 4-0 hapahapa nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia, watu wamewazika, wakaenda Lusaka wakashinda 5-0. Anaisimulia akiwa amesimama, mikono hewani, na kila mwaka inarefuka.

Nikamuuliza, na 1993? Akakaa.

Ile niliiona kwa macho yangu. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Kule kwao tulitoka 0-0, kwa hiyo mji mzima ulishaliona kombe liko mezani. Stella wakashinda 2-0 mbele yetu. (Nimesema "tulitoka", lakini msinihesabie timu. Fundi hana timu, ana wateja.) Ninachokumbuka ni njia ya kurudi Tandika: maelfu ya watu, na unasikia sauti ya makubazi tu.

Saa 7 mchana

Hapa sina la kuandika. Kandambili, kandambili, raba, kandambili, mkanda wa pochi. Askari mmoja akanitaka nisogeze sanduku, nikasogeza hatua mbili, alipoondoka nikarudi. Kuna mmoja aliyevaa kiatu akaniambia anakwenda kuchenji hela pale kwa muuza maji. Mpaka sasa anachenji.

Saa 10 jioni

Mageti yamewameza watu, barabara imetulia. Ndio muda wa kula wali maharage uliopoa.

Saa kama hii huwa nautazama ule mkongwe. Mzee wangu alikuwemo mle usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, zilipowaka tena ya Tanganyika ilikuwa juu. Wengine wakisimulia usiku ule hulia. Yeye alikuwa anacheka, kwa sababu taa zilipozimwa watu walisukumana akapoteza kubazi la kushoto. Alitembea mpaka nyumbani na mguu mmoja peku, nchi huru. Lile la kulia hakulitupa. Nilikua nikiliona limetundikwa msumarini.

Mimi nilipanga foleni mle Oktoba 1999, Mwalimu alipolazwa katikati ya uwanja tumuage kabla ya safari ya Butiama. Tulikwenda taratibu, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Novemba 2015 Magufuli akaapishiwa humohumo, na Machi 2021 tukaletwa humohumo kumuaga yeye. Tarehe 21 msongamano ulizidi. Polisi walitangaza watu 45 wamekufa.

Siku tatu baadaye alikuja dada mmoja na kiatu cheusi cha kisigino kifupi, kimoja. Nilidhani anataka kisigino. Alitaka kujua kama kuna mtu aliniletea mwenzake. Hakusema ni cha nani, nami sikuuliza. Aliniachia namba ya simu na kile kiatu, ili nikiletewa mwenzake nivilinganishe. Bado ninacho, kiko chini ya sanduku, kwenye mfuko. Kila mwezi nakitoa nakipaka dawa, ngozi isikauke.

Saa 11 hadi saa 1 usiku

Mechi naiangalia kwa masikio. Mlio wa nusu uwanja na mlio wa uwanja mzima ni vitu viwili tofauti. Uwanja mzima ukisema "aaah", ni mwamba wa goli. Bao linakuja kama lori lililomwaga kokoto, upande mmoja, na upande wa pili kimya kabisa, kisha sekunde chache baadaye redio ya muuza karanga ndiyo inakuambia jina la mfungaji. Kadi nyekundu ina filimbi nyingi, halafu matusi.

Matokeo siyaandiki. Nimeshasema kuhusu wateja.

Saa 2 usiku

Wametoka. Unawajua kwa mwendo: walioshinda wanatembea katikati ya barabara, wengine pembeni. Nimeshona kandambili kumi na moja kwa tochi ya simu. Kijana mmoja alikuja peku kabisa, viatu vyote kavirusha juu kwa furaha na havikurudi kwake. Nikamuuzia katambuga.

Dogo wa njumu kaja nilipokuwa nafunga sanduku. Akazivaa palepale japo zinampwaya, akapiga kopo la maji, likaenda mbali. Akanipa elfu moja.

"Nyingine kesho, babu, tukishinda."

Nikamwambia ailete hata wakifungwa.