Ramani isiyo na mwaka

Harusi ya Swafiya imepita salama, alhamdulillahi, na ratiba ya mitihani imebandikwa. Kinachonizunguka kichwani wiki nzima ni maneno ya mwenzangu kule chumba cha walimu, alipoziona ramani za matumizi ya ardhi walizochora gredi ya tano.

"Ticha, pale Bamburi mtoto aandike msitu, yamekwisha. Ukimwambia machimbo na msitu, unamchanganya."

Nilimjibu kwa upole, akachukua chai yake akaenda. Nikiosha vyombo nayasikia. Nikiwa kwenye matatu nayasikia. Yamekwisha vipi?

Maana pale kwenyewe ndipo somo lote la matumizi ya ardhi lilipo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, huku Mombasa, kilianza kazi 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mpaka ikabaki sakafu tupu yenye chumvi, haina udongo, maji ya chini yako karibu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kujaribu miti. Alipanda aina 26, zikashika 3 tu, mvinje (casuarina) na mnazi zikiwemo. Mvinje ukatangulia wenziwe kwa sababu unavumilia chumvi, na mizizini mwake wanaishi vijidudu wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kisha ukaleta shida yake: majani yake membamba yalidondoka yakarundikana, hayaozi. Wakaletwa majongoo. Majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo wa msitu ule.

Sasa mtoto akiandika "msitu" peke yake, atadhani miti ile iko tangu zama za mababu. Akiandika "machimbo" peke yake, atadhani ardhi ikishachimbwa imekufa. Kinachomchanganya mtoto ni jibu lisilo na mwaka. Ramani ya matumizi ya ardhi bila mwaka pembeni mimi siisahihishi, namrudishia mwenyewe autie.

Kwa walioniuliza njia ninayotumia: karatasi mbili za kunakilia, zile nyembamba, moja ya sasa na moja ya zamani. Zikikosekana, karatasi ya kawaida juu ya kioo cha dirisha jua likiwaka inatosha. Kabla ya chochote, weka alama tatu za msalaba pembeni kwenye karatasi zote mbili. Bila alama hizo karatasi huteleza, barabara inaangukia baharini, na watoto wanasema ardhi imebadilika kumbe ni karatasi iliyosogea. Karatasi zote zichorwe ufuo na barabara kuu. Rangi ziwe zilezile: njano makazi, nyekundu biashara, zambarau viwanda, kahawia machimbo, kijani mashamba na miti. Halafu pandisha moja juu ya nyingine. Palipogongana rangi ndipo pa kuuliza kwa nini.

Ya zamani huulizwa wazee, lakini swali la "zamani palikuwaje?" halifai, litaleta hadithi ya kutwa bila tarehe. Mtoto aulize, "Daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa 1980, hapa palikuwa na nini?" Mzee atakumbuka palepale, mara nyingi na jina la mwenye shamba.

Na sasa nikizifikiria upya ramani zile, roho inatulia. Kuna msichana wa dawati la nyuma, mkimya sana, alifunika karatasi zake mbili, akazitazama, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hatuna ya tatu? Ya kabla hawajachimba." Huyo ndiye aliyechanganyikiwa? Nilimpa karatasi nyingine hapohapo, na darasa zima likataka.

Wiki ijayo ni mipangilio ya makazi. Kila kundi linapata kunde 30 kuwa nyumba, kizibo kuwa kisima, na uzi kuwa barabara. Kisima na barabara vitangulie, kunde zifuate. Watoto wakianza na kunde watapanga maua, na hakuna atakayeeleza kwa nini nyumba ziko pale. Kuzunguka kizibo, mkusanyiko, kama Mji wa Kale. Kufuata uzi, mstari, kama nyumba za kando ya barabara ya Malindi. Kila kunde na shamba lake, mtawanyiko. Wenye asili ya Rabai na Kaloleni nitawaongezea kazi: wazee wao walikaa pamoja ndani ya kaya, yaani vijiji vya Wamijikenda vyenye ngome, katikati ya msitu, kwa ajili ya usalama. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa, watu wametawanyika mashambani. Watandaze kunde zilezile mara mbili, na kila mpangilio uandikwe wakati wake. Kunde zihesabiwe zikirudishwa, zikiingia puani mwa mtoto ni safari ya zahanati.

Bi Mkubwa amekohoa tena usiku kucha, na hospitali hataki kusikia. Kesho nitampigia Kaka Athman aje amsemeshe, maana mimi hanisikii.