Mwaka mama alipong'oa mchicha

Asiyeishi Dodoma akisikia neno kiangazi huwaza jua. Jua lipo, hakuna anayebisha, lakini joto letu lenyewe si la kutisha: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata Oktoba na Novemba, miezi ya joto kuliko yote, mchana wa kawaida ni nyuzi 31 hivi. Dar es Salaam hufika hapo na kupita, na mchicha wa Dar unastawi mpaka mitaroni. Huku kwetu kinachoua mboga ni upepo. Huanza wakati wa baridi, mwezi wa sita, watu wakijifunga mashuka, na ikifika Septemba umeshakuwa mkavu, umebeba vumbi jekundu, unavuma kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama.

Mwaka ninaousimulia ni 1997. Nilikuwa kidato cha pili na tulikaa Nkuhungu, enzi hizo nyumba zikiwa bado zimetawanyika, katikati yake mashamba ya uwele na vichaka vya minyaa. Mvua za msimu uliotangulia zilituangusha. Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo msimu ukiharibika hakuna mwingine wa kuutegemea. Mtama wetu ulikauka ukiwa usawa wa magoti.

Kilichobaki ni bustani ya mama, nyuma ya nyumba, ukingoni mwa korongo. Ilikuwa na vitalu vya mchicha, kidogo figiri, na upande wa mashariki mistari sita ya nyanya. Baba alikuwa mtu wa reli na muda mwingi alikuwa Tabora. Ada yangu, sabuni na mafuta ya taa vilitoka kwenye bustani ile, vikipitia soko la Majengo.

Maji tulichota kwenye korongo lenyewe. Wenyeji wa Dodoma wanalijua jambo hili: korongo likikauka juu, chini ya mchanga maji bado yapo. Unachimba, unakaa pembeni na kata yako, unasubiri yajikusanye. Mwezi wa nane tulikuwa tunachimba mpaka kiunoni. Mwisho wa Septemba nilikuwa nikiingia shimoni naonekana kichwa tu, na ndoo moja ilijaa kwa muda ambao mtu angepika ugali akala. Tulianza kwenda alfajiri, kwa sababu usiku maji hupanda kidogo na mbuzi wa watu wanakuwa hawajafika.

Siku moja jioni mama alisimama katikati ya vitalu, mikono kiunoni, akasema, "Haya maji hayatoshi wote." Aliongea kama anazungumzia watoto.

Mjomba alikuwepo. Alikuwa mdogo wake mama, kinyozi pale Majengo, mtu wa maneno mengi na mahesabu mengi zaidi. Akasema, "Dada, hilo si la kuumiza kichwa. Achana na nyanya. Mchicha wiki tatu unauza. Nyanya mpaka uje uzione sokoni, sote tumekuwa vumbi."

Na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mchicha unakua haraka na unauzika kila siku. Ila mizizi yake iko juu juu, unataka maji asubuhi na jioni, na majani yake mapana ndiyo upepo unayoyapenda. Jani hupumua kwa vitundu vidogo, na maji hutokea humo humo. Hewa ikitulia, unyevu unabaki umelizunguka jani na kulikinga kidogo. Upepo ukivuma unaufagia unyevu ule kila dakika, jani linatoa tena, unafagiwa tena. Unaweza kumwagilia kitalu saa mbili asubuhi, ukarudi saa saba ukakuta udongo una nyufa. Nyanya zilikuwa zimeshazamisha mizizi, zimebeba matunda ya kijani ukubwa wa ndimu, na Oktoba nyanya Majengo zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Mama hakujibu. Kesho yake tuliporudi korongoni alianza kung'oa mchicha, kitalu baada ya kitalu, mzima na mizizi yake. Uliokuwa laini tuliufunga mafungu nikaupeleka sokoni kabla ya shule, nikauza kwa bei ya hasara. Uliokomaa na kutoa mbegu aliuweka kando. Mjomba aliposikia alikuja na baiskeli, akaangalia, akasema dada yake amerogwa.

Ule uliokomaa ulikuwa na kazi yake. Jirani yetu wa upande wa juu, babu mmoja wa Kigogo aliyefuga mbuzi, alikuwa na kitu ambacho mwaka ule kilikuwa mali: mabua. Mwaka wa mavuno mabua ya mtama na uwele yanazagaa, watu wanayachoma. Mwaka wa ukame ni chakula cha mifugo, na mwenye nayo anayapandisha juu ya kichanja asiyafikie mtu. Mama alienda na mzigo wa mchicha kichwani, mimi nyuma na mwingine.

"Mbukwenyi," babu akatusalimu.

"Mbukwa, babu."

Walikaa kwenye kigogo wakaongea habari za mvua, za watoto, za mgonjwa fulani wa Hombolo, muda mrefu mpaka miguu ikaniuma. Mbuzi walikuwa wameshaanza kuuvuta mchicha kabla neno mabua halijatajwa. Tulitoka na mafungu ya kutosha mkokoteni mmoja, na ahadi kwamba majani yote tutakayong'oa ni ya mbuzi wake.

Wakati sisi tuko kwa babu, mjomba alikuwa ameamua kusaidia kwa namna yake. Tuliporudi tulimkuta anapigilia bati kwenye nguzo upande wa mashariki, bati chakavu alizozikusanya kwa ajili ya kibanda chake. Kama vita ni ya upepo, alisema, basi tuuzuie kabisa, siyo kuubembeleza na vijiti. Ukuta ulisimama unang'aa, nami nikiri ulinivutia. Mama akamshukuru, akapika chai, akanyamaza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na upepo ukaja kama kawaida. Mama aliniagiza nichane kaniki kuukuu vipande vyembamba, nivifunge kwenye vijiti, nichomeke vijiti kuanzia kwenye bati kwenda magharibi, kila baada ya hatua mbili. Kisha tukakaa kivulini tukatazama. Kijiti cha karibu kabisa na bati kilitulia. Cha pili kilikuwa kinacheza kuelekea kwenye bati, yaani kinyume na upepo! Vya tatu na vya nne vilizunguka kama vimepagawa, mara juu, mara chini. Upepo ulikuwa unagonga bati, unapanda, unaruka, kisha unaanguka nyuma ya ukuta kwa kishindo, pale pale kwenye mstari wa tatu wa nyanya. Miche ya mstari ule ilikuwa imelala.

Baadaye sana, nikisoma kilimo Morogoro, mwalimu alichora ubaoni mishale ile ile, akaeleza kwamba kizuizi kizuri cha upepo ni chenye matundu, karibu nusu wazi nusu kimeziba, na kwamba kinakinga umbali wa kama mara kumi ya kimo chake. Nilikuwa nimeshaiona kwenye vipande vya kaniki.

Kuziondoa bati za mjomba ilikuwa kazi ngumu kuliko kuziweka, na sisemi habari ya misumari. Mama alimsubiri aje mwenyewe aone. Mjomba alitazama vile vitambaa, akazunguka upande wa pili, akarudi, akasema bati zinahitajika kibandani haraka maana mteja mmoja amelalamikia jua. Hivyo ndivyo zilivyong'oka.

Tukajenga kwa mabua. Tulifunga mabua kwa kamba ya katani kwenye fito mbili, ya chini na ya juu, bila kuyabananisha. Mama alikuwa anapitisha vidole kati ya bua na bua, mahali ambapo vidole havipiti ananiambia nifungue. Uzio ulifika kifuani kwangu. Tuliuweka wa pili katikati ya mistari, mfupi zaidi. Tuliporudisha vijiti vya kaniki, vitambaa vyote vilicheza, lakini kwa upole, vyote vikielekea magharibi.

Kwa maji, mama alifukia mitungi. Aliona kwa masista wa misheni moja. Aliokota kwa majirani mitungi ya udongo iliyomeguka midomo, isiyo na ufa, akaizamisha mpaka shingoni kati ya mashina, mmoja kwa mashina manne, akaifunika kwa mawe bapa. Unajaza mtungi, maji yanapenya ukutani polepole na kuifuata mizizi, juu panabaki pakavu. Udongo ukikauka zaidi unavuta zaidi, kwa hiyo hata bila kutoka nje nilijua upepo wa siku ile ulikuwaje, kwa kufunua jiwe na kuchungulia mtungi umebaki na nini. Mashina yasiyo na mtungi tuliyachimbia visahani, tukamimina kopo moja moja jioni, na juu tukatandaza nyasi kavu, tukazikandamiza kwa mawe la sivyo zingekuwa zimefika Nala, nje kabisa ya mji, kabla ya magharibi.

Bwana shamba mmoja alipita akashauri tupunguze matawi ili mmea usipoteze maji. Mama aliitikia kwa heshima zote, na hakukata hata jani. Nyanya ikivuliwa majani jua la Oktoba linaibabua, upande mmoja unakuwa mweupe na laini, na Majengo hakuna anayeinunua.

Wiki iliyofuata ikaja chamchela. Tuliiona ikitokea upande wa barabara ya Singida, mnara wa vumbi wenye mifuko ya rambo na majani ndani yake, watoto wakiikimbia wakipiga kelele maana tuliamini mna shetani. Ilikata kona, ikaingia bustanini, ikanyanyua uzio mfupi wote na kuutupa korongoni. Uzio mrefu ulipoteza kipande cha mlango tu. Ilichukua muda wa mtu kusema Mungu wangu. Tulishuka korongoni tukaokota mabua, tukayafunga upya, na nilichelewa shule nikachapwa.

Adui aliyebaki alikuwa mdogo kuliko wote. Majani ya chini yalianza kupata vidoa vya njano, kisha rangi ya shaba, na ukigeuza jani unaona utando mwembamba kama wa buibui na vinukta vyekundu vinatembea. Ni utitiri, nao hupenda hali ile ile inayotuua sisi: joto, ukavu, vumbi juu ya majani. Dawa ya dukani hatukuwa na hela yake. Jioni, maji ya kuoshea vyombo yakishapoa, mama aliyachanganya na sabuni kidogo, akachovya kitambaa, tukaosha majani upande wa chini, jani kwa jani, kwa mwanga wa chemli. Katika kazi zote za mwaka ule hiyo ndiyo niliyoichukia. Harufu ya majani ya nyanya inang'ang'ania vidoleni, ukila ugali unaila. Ila utitiri ulipungua, na mashina yaliyooshwa yalirudisha maua. Mengine yalipukutisha maua yote, hayakubeba tena.

Mwanzoni mwa Novemba tulichuma. Hazikuwa nyingi; mistari miwili ya magharibi, mbali na uzio, ilitoa vitu vya kupika nyumbani tu. Lakini ile minne ilijaza matenga, na sokoni Majengo wanawake walimzunguka mama kabla hajatua mzigo. Mjomba alitoka kibandani na mkasi mkononi, akasimamia mauzo kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, akimwambia kila mteja kwamba dada yake ana akili za kuzaliwa. Ada ililipwa. Hela iliyobaki mama alinunua pipa la lita 200, kwa ajili ya kiangazi kijacho, akalilipia usafiri wa mkokoteni mpaka nyumbani.

Pipa halikumaliza mwezi likiwa tupu. Zilizofuata ni zile mvua kubwa za El Niño ambazo watu wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Lilijaa kutoka kwenye paa kwa usiku mmoja, na korongo ambalo tulilichimba kwa kata likala ukingo wake, likachukua uzio wa mabua, mistari miwili ya nyanya na mitungi. Mitungi mitatu ilikwama chini kwenye mchanga, na vijana wa kuchimba mchanga wakaiokota kabla yetu. Walitaka hela. Mama aliwapa nyanya za mwisho mwisho, zilizopasuka kwa maji mengi, wakakubali baada ya kuzionja.