Nyimbo za Jumapili kwa vidole na masikio: uzoefu wangu katika ibada ya Kiswahili Kampala

Ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala hukusanya ndugu kutoka Kongo, familia za wanajeshi, na watu wa Arua na Kasese. Kati yao wamo wasioona. Kinachowaacha nje kuliko kitu kingine chochote ni maneno: nyimbo ziko ukutani kwenye projekta, somo liko kitabuni, na anayesoma matangazo anasema "kama mnavyoona hapa". Ndiyo maana nguvu zangu nyingi nimeziweka katika kuwafikishia maneno hayo kabla ya Jumapili.

Nyimbo tunaziandika kwa nukta nundu (Braille), yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta hizo, ni nzuri lakini ni ghali. Kwa kanisa, sleti (fremu yenye vijidirisha inayobana karatasi) na kalamu yake ya ncha ya chuma vinatosha. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hutoboka, na nukta zake hulala baada ya kusomwa mara chache. Tafuta ya gramu 140 hadi 160, au tumia kalenda za ukutani za mwaka uliopita, ambazo waumini hutoa kwa moyo ukiwatangazia. Ukurasa wa A4 hubeba mistari 27 hivi, kila mstari nafasi kama 30, kwa hiyo wimbo wa beti nne hukaa ukurasa mmoja. Kiitikio kiandikwe mara moja tu, chini ya ubeti wa kwanza. Namba ya wimbo ikae juu kabisa na itanguliwe na alama ya namba; tarakimu hutumia nukta zilezile za herufi, kwa hiyo bila alama hiyo 12 itasomeka "ab".

Kwenye sleti unatoboa upande wa nyuma wa karatasi. Unaanzia kulia kwenda kushoto, na umbo la kila herufi unaligeuza kama linavyoonekana kwenye kioo. Anayeona, akiwa anajifunza, hukumbuka la kwanza na kusahau la pili. Hapo h inakuwa j, e inakuwa i, r inakuwa w, na i inakuwa e: umeandika "heri", ndugu yako anasoma "jiwe". Kwa hiyo hakuna ukurasa unaoingia kwenye faili kabla asiyeona mwenyewe hajaupitia kwa vidole. Fungeni kurasa kwa ringi ili zilale wazi, na faili zisimame kabatini. Ukizilaza na kupanga vitabu juu yake, nukta hubonyea.

Kusoma nukta nundu kwa kawaida kunahitaji mikono miwili na mahali pa kuegemeza. Kiongozi akisema "tusimame", msomaji awe na ubao mwepesi wenye mkanda wa shingoni, au aimbe ameketi, na wahudumu waambiwe wasimnyanyue. Biblia nzima kwa nukta nundu ni makumi ya majuzuu, kwa hiyo sisi huandika somo la siku hiyo tu na kulipeleka mapema. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Uganda imejiunga nao, unafungua njia ya kunakili vitabu kwa ajili ya wasioona. Hata hivyo, kumwandikia mchapishaji kwanza ni uungwana.

Waliopoteza macho ukubwani wengi hawajui nukta nundu. Hao tunawarekodia kwenye memori kadi ya simu ya vitufe au redio ndogo. Taja namba, taja jina la wimbo, nyamaza kidogo, kisha soma beti polepole bila muziki. Kila wimbo uwe faili yake, na majina yaanze 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, redio nyingi zitapiga wimbo wa 10 mara tu baada ya wa 1, na msikilizaji atapotea.

Siku yenyewe, kiongozi asome mstari wa kwanza wa kila ubeti kabla haujaimbwa. Kwa wale ambao hawakupata maandishi wala rekodi, hili peke yake linafaa kuliko vifaa vyote, tena halina gharama.

Usimkalishe asiyeona karibu na spika. Mlio ule unafunika sauti za jirani na hatua za wapitao, ambazo ndizo zinazomjulisha yuko wapi. Wakati wa sadaka, watu wakienda mbele kwa kucheza, mwenzake anayeona ampe kiwiko akishike, na huyo mwenzake atangulie nusu hatua. Kumsukuma kwa mgongoni kunamtia hofu. Kwenye Meza ya Bwana, mhudumu amtaje jina, agusishe ukingo wa sinia nyuma ya mkono wake, aseme kikombe kiko upande gani. Vikombe visijazwe hadi juu.

Na ule mnada wa sadaka baada ya ibada! Anayenadi huinua mkungu wa matoke na kuuliza, "Hii nani anaongeza?" Aseme ni mkungu wa matoke, ukubwa wake, na bei ilipofikia. Tangu wanadi wetu wazoee hivyo, wasioona nao hutaja bei na kununua.