Dumu la maji na ukuta wa jikoni

Siku pampu ya jengo letu ilipokufa, mtoto wa jirani aliniita bibi. Nina miaka 47, mjukuu sina hata mmoja, na nilikuwa nimesimama ghorofa ya pili pale ngazi zinapogeuka, dumu la lita 20 miguuni, mkono kiunoni, nahema kama niliyefukuzwa na mbwa. "Bibi, nikusaidie?" Sijamjibu, keshalinyakua dumu anapanda nalo mpaka ghorofa ya nne, ndara zikimpiga visigino. Nikabaki pale na lile neno lake.

Tunakaa fleti, hapa hapa Mjini Unguja. Pampu ikiwa nzima, maji yanapanda. Ikiharibika, maji yanabaki chini tangini na sisi tunabaki na madumu. Mara ile yalikaa chini wiki sita.

Kazi yangu ni kushona kofia za viua. Anayeijua kazi hii anakijua na kikao chake: chini mkekani, shingo imeinama, sindano inaingia na kutoka, saa tatu zinapita hujainua kichwa. Kofia moja ya maana inanila miezi. Vidole vyangu vina nguvu na subira ya kutosha, ila kuanzia kiunoni kushuka chini nilikuwa nimelala. Wiki hiyo hiyo ya dumu nikaenda kupima presha, ikasoma 148 kwa 94. Daktari akaniandikia vidonge, akanikataza chumvi nyingi, akasema nifanye mazoezi. Mazoezi gani? "Yoyote, mama, ilimradi usikae tu." Usikae tu! Na mimi mkate wangu uko kwenye kukaa.

Jimu ipo mtaa wa pili, imejaa vijana, muziki na vioo. Sikukanyaga. Kutembea baada ya Alfajiri nilijaribu siku nne, masika ikanirudisha ndani.

Aliyenitoa hapo ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa mpira, asiyeacha kitu kwenye simu hajakisoma. Alikuja kuniletea ndizi, akanikuta jikoni nalalamika. "Shangazi, hebu egemea huo ukuta. Shuka. Shuka tena, kama unakaa kitini." Kiti hakuna. Nikacheka. Sekunde ya kumi kicheko kilikatika. Ya kumi na tano mapaja yakaanza kutetemeka kama cherehani. Ya 17 nikakaa sakafuni puu. Sijawahi kutoka jasho kwa kutofanya kitu, lakini siku ile lilinitoka.

Akanieleza kwamba misuli inaweza kukazwa kwa nguvu zote bila kiungo kujongea, na mazoezi ya namna hiyo huitwa isometriki. Akafungua simu, akanisomea kuwa mwaka 2023 jarida la Uingereza, British Journal of Sports Medicine, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 270 za watu zaidi ya 15,000, ukilinganisha aina za mazoezi na presha. Kukimbia kunashusha, vyuma vinashusha, lakini haya ya kukaza na kutulia ndiyo yaliyoshusha zaidi: kwa wastani pointi 8 namba ya juu na 4 ya chini. Na kwa ile namba ya juu, aliyeongoza wote ni huyu ukuta. Kipimo chake kinachotumika sana kwenye tafiti hizo ni dakika mbili, mara nne, katikati unapumzika dakika moja hadi nne, siku tatu kwa wiki.

Dakika mbili, na mimi ndiyo kwanza nina sekunde 17.

Kilichonivusha ni chaki ya kukatia nguo. Niligundua kwamba kadiri makalio yanavyokuwa juu ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi, kwa hiyo badala ya kupigana na saa nikapigana na urefu. Nilichora ukutani mistari minne, mmoja chini ya mwingine, upana wa vidole vitatu kati yake. Mstari wa kwanza magoti yanakunjika kidogo tu, kama mtu anayetaka kukaa kisha akaghairi. Hapo dakika moja na nusu niliziweza siku ya kwanza. Nikishazipata zile dakika mbili mara nne bila kutetemeka, nashuka mstari. Kufika wa nne kulinichukua wiki tisa, na hata huo haufiki pale pa kiti kamili. Goti langu la kulia lilinikataza kushuka zaidi, nikalisikiliza. Niliacha visigino mbele ya ukuta kiasi kwamba nikitazama chini navyaona vidole vya miguu mbele ya magoti, hapo goti halikulalamika. Na dera la kuteleza usilivae, utajikuta chini kabla ya sekunde kumi. Pamba, miguu mitupu, sakafu kavu.

Kosa langu kubwa lilikuwa pumzi. Wiki ya kwanza nilikuwa nafumba mdomo na kubana, mpaka kichwa kinavuma. Ukibana pumzi huku umekaza mwili, presha inaruka juu palepale, na mimi hiyo presha ndiyo niliyokuwa naikimbia. Dawa yake nikaipata kwa kuhesabu kwa sauti, moja mpaka 120, kwa sababu mtu hawezi kuhesabu kwa sauti na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Mume wangu, anayependa kurudi kitandani baada ya Alfajiri, alisema nyumba imegeuka chekechea.

Baada ya mwezi kijana akaja na hadithi ya Alexander Zass, mzaliwa wa Vilnius mwaka 1888, aliyetekwa na Waustria katika Vita Kuu ya Kwanza na kufanya mazoezi kifungoni kwa kuvuta minyororo na nondo za gereza. Hazikatiki wala hazikunjiki, yeye anavuta tu. Baadaye alikuwa mtu wa maonyesho Uingereza, akibeba farasi mabegani. Mimi mnyororo sina, nina kanga. Niliisokota ikawa kamba, nikaikanyaga katikati kwa miguu miwili, nikashika ncha mbili, mgongo umenyooka, magoti yamekunjika, nikavuta juu kama nang'oa muhogo. Kanga haiendi popote kwa sababu mwenyewe umeikanyaga. Sekunde sita, pumzika, tena. Hizo sita nazo zina asili yake: Wajerumani wawili, Hettinger na Müller, mwaka 1953 walitangaza kwamba kukaza sekunde sita tu kwa siku kunamwongezea mtu nguvu asilimia 5 kila wiki. Waliofuata hawakupata makubwa hayo, lakini nguvu kweli huongezeka, hilo hawakulikana.

Mimi nilivuta mpaka kanga ikachanika. Nilikwenda nyuma nikakutana na ndoo, na jina la kanga likabaki nusu mkono wa kulia, nusu wa kushoto. Baada ya hapo nikachukua kikoi cha mume wangu, kizito, kimefumwa barabara. Mpaka leo anadhani kilipotea kwa dobi.

Sasa nije kwenye fedheha yangu. Mwezi wa tatu nilikuwa nakaa ukutani dakika mbili nikiwa natabasamu. Pampu ikafa tena. Nikateremka kifua mbele, nikajaza dumu, nikapanda, na palepale ghorofa ya pili nikaliweka chini. Mapaja yalikuwa mazima. Kilichoisha ni pumzi, na vidole vilikuwa vinafunguka vyenyewe. Nilikasirika nikataka kuufuta ukuta chaki yake yote.

Kijana alinicheka kwanza, halafu akaniambia ambalo angeniambia mapema: nguvu ya kutulia hukua zaidi pale pale ulipokikunjia kiungo, na kidogo jirani yake. Mimi nilikuwa hodari wa pembe moja tu. Ngazi zinataka mguu upite pembe zote, na zinataka moyo na mapafu. Basi ukuta nikauacha kwa ajili ya presha, na kwa ajili ya dumu nikaongeza mambo mengine.

La kwanza, kukaa na kuinuka kwenye kigoda. Nashuka polepole nikihesabu tano, nagusa kigoda bila kujitupa, nainuka. Nikianza mara nane tu zilinitosha. La pili, dumu lenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu ni mzani usiodanganya: nilitia lita 10, nikasimama nalo mkono mmoja bila kuegemea upande sekunde 30, nikabadili mkono, nikaongeza lita mbili kila wiki niliyoona nimelizoea. Hapo ndipo vidole vilipopata akili. La tatu, ngazi zenyewe, mikono mitupu, juu na chini, mpaka niweze kufika nikiwa bado naongea.

Pushapu nilikuwa naziogopa kuliko vyote. Nilianza nimesimama, mikono ukutani. Nikafika 20, nikahamia kwenye meza ya jikoni, kisha ukingo wa kitanda, kisha sakafuni. Kila unapoteremka, uzito unaohamia mikononi unakua, na hapo ndipo mtu anapoona mwili wake ni mzigo kweli. Ya kwanza kamili ya sakafuni niliipata mwezi wa nane, usiku, nyumba imelala, na nilijikuta nimelala kifudifudi nacheka peke yangu. Sasa napiga sita. Mgongo ulioinamia viua miaka 20 nauvutia mlangoni: fundo la shuka nalirusha juu ya mlango, naufunga, nashika shuka na kujilaza nyuma, kisha najivuta kifua kiende mlangoni. Muhimu usimame upande ambao mlango haukufungukii wewe. La sivyo utafunguka nawe, na mimi nilishaanguka mara moja kwa kanga, inatosha.

Ramadhani nilipunguza zikawa siku mbili, saa moja na nusu hivi baada ya futari kabla sijajinyoosha. Kufanya kabla ya magharibi nilijaribu mara moja, nikaona nyota. Mfungo ukaisha sijarudi nyuma sana, kitu kilichonishangaza.

Presha ya mwezi wa sita ilikuwa 132 kwa 84. Sikuacha vidonge, na chumvi nimepunguza mpaka watoto wanalalamika mchuzi hauna ladha, kwa hiyo siwezi kuupa ukuta sifa zote. Daktari aliuliza nafanya nini, nikamwambia nakaa. Akanitazama juu ya miwani.

Kuna jambo dogo lilibadilika ambalo sikulitafuta. Zamani nikitaka kuinuka mkekani nilikuwa naweka mkono mmoja chini, wa pili gotini, na bismillahi ndefu. Siku moja kengele ya mlango ililia, nikajikuta nimeshasimama, kofia mkono mmoja, sindano wa pili, na sikumbuki nimeinukaje.

Pampu imekufa tena juzi. Nimepanda na dumu, nikabadili mkono mara mbili njiani bila kulitua. Ghorofa ya pili, pale ngazi zinapogeuka, nikamkuta yule mtoto wa jirani, sasa ndevu zinamchomoza, amekalia dumu lake anapumzika. Akainuka haraka kunipisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamjibu, na nikaendelea kupanda.