Madereva wenzangu wa teksi za programu Nairobi

Naomba leo tuongee mambo ya kichwani, maana ya mafuta tunayaongea kila siku.

Mwaka jana nilifika mahali naegesha gari Westlands usiku, simu inalia kuna abiria, na mkono unakataa kuigusa. Uchovu wa kawaida ukilala unaisha. Huu niliamka nao. Chakula hakipiti, watoto wakinisemesha nasikia kelele tu. Mama watoto ndiye aliyenisukuma niende kliniki. Nikaambiwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), nikaanzishiwa dawa na ushauri nasaha.

Kanuni za serikali za 2022 kuhusu teksi za programu zinasema kamisheni inayokatwa na kampuni ya programu isizidi asilimia 18. Sawa. Lakini toa petroli, toa hesabu ya mwenye gari, ndipo unajikuta barabarani tangu alfajiri hadi usiku wa manane, peke yako, ukihofia malalamiko ya abiria mmoja yafungishe akaunti yako. Akili gani itahimili hayo miaka?

Na wanaoogopa kusema kwamba wamejaribu kujiua, kwa sababu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Ndugu yangu, ukizidiwa nipigie, hata saa nane usiku. Nitaegesha tuongee.