Dagaa wa mama na uyoga wa Ántonia

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Lincoln, Nebraska, Marekani, bibi mmoja wa Kizungu jirani yangu alinifaa mno. Alinipa koti la marehemu mumewe, akaniazima beleshi la kuondolea theluji. Nami nikaona haya ya kupokea tu kila siku. Mama alikuwa amenifungia dagaa wa Mwanza mifuko mitatu, nikampelekea mmoja. Akaupokea kwa furaha tele. Kesho yake natoa taka, nauona mfuko ule ule juu ya pipa lake, fundo la mama halijaguswa.

Sikumchukia, ila nilinyamaza nalo. Hadi nilipokisoma My Ántonia, riwaya ya Willa Cather ya mwaka 1918.

Mle mna familia ya Wabohemia, Wacheki tungesema leo, wamefika Nebraska bila Kiingereza, wanaishi kwenye shimo lililochimbwa ubavuni mwa korongo. Majirani wanawapelekea chakula kwenye baridi kali. Mama wa familia ile naye hataki kubaki na deni: anawapa kifurushi cha vipande vikavu vya kahawia, vinanukia udongo. Bibi wa msimulizi anakitia motoni. Mjukuu anaonja kipande, na miaka mingi baadaye ndipo anang'amua kuwa ulikuwa uyoga wa msituni kwao, uliovushwa bahari nzima.

Nikafunga kitabu, nikampigia mama simu.

Cather mwenyewe alikuja huku mgeni. Alizaliwa Virginia mwaka 1873, na mwaka 1883 wazazi wake wakahamia Nebraska. Ántonia, binti wa familia ile kitabuni, kamchota kwa Anna Sadilek, binti wa Kibohemia aliyefanya kazi za ndani pale mjini Red Cloud, na ambaye baba yake alijiua. Kumbe ilimbidi Cather aende New York, ahariri jarida miaka kadhaa, ndipo nyasi za kwao zimrudie kichwani.

Nilikwenda Red Cloud, zaidi ya saa mbili kwa gari, mahindi kulia, mahindi kushoto. Nyumba ya utoto wake ingalipo. Chumba chake kiko juu, chini ya paa, na ukutani kuna karatasi ya maua ya waridi aliyoibandika mwenyewe akiwa msichana. Aliipata kama ujira wa kufanya kazi kwenye duka la dawa. Imechakaa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwingine kote.

Jambo moja simsamehei: mji unaitwa kwa jina la chifu wa Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, lakini wenyeji wenye ardhi ile hata humo kitabuni huwaoni, utadhani nyasi zilikuwa zikingoja Wazungu tu.

Mwezi uliopita nilikaanga dagaa kwa nyanya na pilipili kidogo, nikasonga ugali, nikambishia hodi yule bibi. Safari hii niliketi naye mezani. Akauliza kama vichwa navyo huliwa. Nikamwambia huliwa.

Alikula wanne. Niliwahesabu.