Rafu yangu ya kuning'inia kwenye kenchi za gereji: mara ya kwanza na mara ya pili

Mara ya kwanza nilipiga skrubu ndefu kutoka chini kwenda juu, katikati kabisa ya mbao ya chini ya kenchi (ile fremu ya mbao inayobeba paa), nikatundika minyororo na kuweka ubao. Ikapendeza kweli. Siku ya tatu nikasikia kitu kimelia "kah!" juu ya gari. Skrubu moja ilikuwa imeanza kuchomoka, na mbao ya kenchi imefanya ufa.

Nikateremsha kila kitu, nikamwita fundi seremala. Hakupanda hata ngazi. "Bosi, hiyo mbao kazi yake ni kuzuia miguu ya kenchi isitanuke. Kubeba dari inaweza. Wewe umeifanya ghala!" Akaanza kwa kuunga mbao nyingine ubavuni mwa ile yenye ufa, ndipo tukazungumza habari za rafu.

Kosa langu lilikuwa kudhani skrubu nene ndiyo usalama. Skrubu iliyopigwa kwenda juu inavutwa ing'oke usiku na mchana. Mzigo unataka kukalia mbao, siyo kuning'inia kwenye meno ya skrubu. Kwa hiyo safari hii tulilaza mbao mbili za inchi 2 kwa 4, zikisimama kwa ubavu, juu ya mbao za chini za kenchi nne. Zilipita karibu na pale mbao za mshazari zinapokutana na ile ya chini, maana hapo ndipo kenchi ina nguvu. Katikati, mbali na maungio hayo, mbao hupinda upesi. Matundu yote tuliyatoboa kwenye mbao zetu. Kenchi yenyewe hatukuikata wala kuitoboa, tuliishika kwa vipande vya chuma vya pembe tu ili mbao zisilale.

Kwenye matundu tukapitisha vyuma virefu vyenye hesi (meno ya kufungia nati), juu tukaweka washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) na nati mbili mbili, maana nati moja hulegea kwa mtikisiko. Chini tukafunga mbao za kubebea ubao, tukapima kwa pima maji, kisha tukaweka mishikio ya mshazari. Bila hiyo rafu inabembea kama kitanda cha mtoto.

Kazi iliyonichosha haikuwa ufundi, ilikuwa mizani. Nilipima kila kitu kwa mizani ya kupimia mwili. Ndoo ya rangi ya lita 20 ilipita kilo 25! Tairi za akiba nazo zikakataliwa. Vilivyopanda ni mabegi ya safari matupu, viti vya plastiki na godoro la sponji.

Kabla ya kupakia nilivuta uzi chini ya kila kenchi, kutoka ukuta hadi ukuta, nikapakia kidogo kidogo huku nikipima nafasi kati ya uzi na mbao, nione kama mbao inapinda. Nilirudia baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Haijasogea.

Uzi nimeuacha pale pale. Ndoo za rangi ziko sakafuni, na mke wangu ameshaacha kuniuliza zitapanda lini.